Saa Moja Imerudi Mara Tatu: Nilichojifunza Kuuza Saa za Kuzamia Nikiwa Tabora

 

Leo tuongee kuhusu bidhaa inayorudi. Siyo ile mteja kabadili mawazo, au rangi haijampendeza. Naongelea ile inarudi, unaitengeneza, unaituma, inarudi tena, hadi ukiona namba ya mteja inaita moyo unaenda mbio. Mimi ilinitokea kwa saa ya kuzamia, zile zenye sensa ya kupima kina cha maji (siyo sensa ya kuhesabu watu, jamani). Ilirudi mara tatu kutoka Kigoma. Ilinila pesa, ikaninyima usingizi, na ingeweza kumdhuru mtu.

Soma mpaka mwisho hata kama wewe unauza viatu au mafuta ya nywele. Kosa nililofanya halihusu saa peke yake.

MAMBO YALIVYOANZA

Nina fremu ndogo hapa Tabora mjini. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo hayakunipeleka mbele, nikaanza na kava za simu na chaja, baadaye nikahamia kwenye saa. Kila ninachojua kuhusu saa nimejifunza kwa kuuliza mafundi, kwa simu yangu na kwa kuharibu. Duka langu kubwa ni simu. Naposti, mteja anachagua, analipa, napeleka mzigo stendi. Wateja wangu wako Nzega, Urambo, Kaliua, Uvinza hadi Kigoma. Ukiangalia ni njia ileile ya misafara ya zamani: mzigo unatoka pwani, unapumzika Tabora, halafu unaendelea mpaka Ujiji ziwani. Wao walibeba begani na kichwani, sisi tunalipia kwenye basi.

Mambo ya kuzamia siyajui. Maji makubwa niliyozoea ni bwawa la Igombe, na hata hilo nalitazama nikiwa nimekaa nchi kavu. Lakini mtu wangu wa jumla Kariakoo aliniambia ana saa kali, zina sensa ya kina, zinaandika mita 100. Nikachukua tatu kwa 130,000 kila moja. Nikaposti kwa 185,000.

Jioni hiyohiyo kaka mmoja wa Kigoma akaja inboksi: "Dada, hii inazama kweli?"

Nikamjibu ndani ya dakika moja: "Inazama kaka, mita 100, ondoa shaka."

Alilipa. Sikumuuliza anaitaka kwa kazi gani. Niliona oda, sikuona mtu. Weka alama hapo, tutarudi.

Kabla ya kufunga mzigo nikataka kumrahisishia. Nikaiwasha, nikaweka tarehe na saa, na kwenye menyu nikaona sehemu ya kuweka sifuri ya kina. Nikabonyeza, ikasoma 0.0. Safi kabisa. Nikafunga, nikapeleka stendi.

MARA YA KWANZA: KIGOMA INAUMWA, TABORA IMEPONA

Siku mbili baadaye akanipigia. "Dada, saa inasoma karibu nusu mita, na iko juu ya meza."

Nikamwambia aizime na kuiwasha. Bado. Nikamwambia airudishe. Ilipofika dukani kwangu nikaiwasha: 0.0. Nikaiacha usiku kucha: 0.0. Nikarekodi video, nikamtumia: "Kaka, saa ni nzima, jionee mwenyewe." Nikairudisha.

Na sasa niseme ukweli unaonitia aibu. Siku ile niliweka stetasi: "Wateja wengine bwana, hata kuwasha saa ni mtihani." Aliiona. Aliandika neno moja tu: "Sawa."

Saa ilipofika Kigoma ikasoma tena karibu nusu mita. Hakunisumbua. Akawa anatoa nusu mita kichwani mwake na kuendelea na kazi.

MARA YA PILI: PINI

Zikapita kama wiki tano. Akanitumia ujumbe wa sauti. Sauti yenyewe imetulia, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Kifupi alisema hivi:

"Dada yangu, mimi saa hii siyo urembo. Nazamia Kibirizi, natafuta injini na nyavu za watu zilizozama, nafungua kamba zilizojisokota kwenye pangaboi. Nina mtungi wa hewa mgongoni. Saa ndiyo inaniambia nipo kina gani na nipande lini. Jana kamba yangu ina mafundo 18 chini, kila fundo mita moja. Saa inasema 11. Nimepanda juu, bado inasema mbili."

Nilirudia kuisikiliza kama mara nne. Mita 18 kweli, saa inasema 11.

Nilikuwa sijui maana yake, nikaanza kusoma. Kwa kifupi: ukiwa chini unavuta hewa iliyokandamizwa, na naitrojeni ya kwenye hewa hiyo inaingia mwilini. Ukikaa kina kirefu kwa muda mrefu, inajaa zaidi. Ukipanda ghafla inatoka kwa mapovu, kama soda iliyotikiswa, na hapo mtu anaweza kupata maumivu makali ya viungo, kupooza, hata kufa. Ndiyo maana mzamiaji anahesabu kina na muda. Saa ikimwambia yuko 11 wakati yuko 18, hesabu yote inaharibika, na inaharibika kwa upande mbaya.

Kilichomwokoa ni kamba yake ya mafundo. Aliniambia, "Kamba yangu haijawahi kuniomba betri."

Saa ikarudi. Ubavuni ina vitundu vidogo vitatu, huko ndiko maji yanapoingia kuigusa sensa. Nikaona vimejaa kitu cheusi. Yule kaka anashika injini kutwa, kwa hiyo grisi na tope laini la ziwani vilikuwa vimeganda mle ndani. Maji yanachelewa kuingia, saa inasoma kidogo. Ukipanda, presha iliyonasa ndani inachelewa kutoka, saa inaendelea kusoma mita wakati uko juu.

Nilifurahi kuona tatizo. Nikachukua pini.

Wapambanaji, USICHUKUE PINI. Ndani ya vitundu vile kuna ngozi nyembamba sana inayoilinda sensa. Nilisikia kitu kama "tak". Nikaiwasha, mahali pa kina pakaja vistari vitupu. Nimeiua mwenyewe, kwa mkono wangu.

MARA YA TATU: BETRI YA ELFU TATU

Nikamwambia, "Kaka nakutumia mpya, bure." Nikachukua ya pili katika zile tatu. Ilikuwa imekaa stoo miezi kadhaa na alama ya betri ilikuwa inapepesa. Nikaipeleka kwa kijana mmoja wa mtaani anayebadilisha betri. Akafungua mgongo, akaweka betri, akafunga. Elfu tatu, dakika tano. Nikatuma.

Wiki mbili hazikuisha. Picha ikaja: ukungu chini ya kioo. Kina kinaruka, mara 3, mara 40, mara vistari.

Ilipofika Tabora nikaizika kwenye mchele siku mbili, kama wanavyosema mtandaoni. Mchele haukusaidia kitu, tena vumbi lake likaingia kwenye vitufe. Ndipo nikaamua kwenda kwa fundi wa saa wa siku nyingi, mzee wa watu, ambaye nilikuwa nakwepa kwenda kwake kwa sababu anasema sana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo umeniletea maiti gani?"

Akaifungua chini ya kioo chake cha kukuzia. Akanionyesha pete nyembamba ya mpira iliyo kati ya mgongo na bodi. Mafundi wanaiita oringi. Ilikuwa imebanwa vibaya na kukatika sehemu moja.

"Hii saa imefunguliwa," akasema. "Aliyefungua hakubadilisha mpira, hakuupaka silikoni yake, na hakuipima kwa presha baada ya kufunga. Hii ni sawa na kufunga soda ya leo kwa kizibo cha jana. Haitoi maji ukinawa mikono. Ipeleke ziwani ndipo utaijua."

Akaniuliza, "Na hii kabla hujaituma uliipima?"

Nikamwambia ndiyo, niliwasha ikasoma sifuri.

Akacheka. "Sifuri ya wapi?"

SIFURI YA WAPI?

Hilo swali nililala nalo. Asubuhi nikakitoa kile kitabu kidogo cha maelekezo, nikakipiga picha na kutafsiri kwa simu ukurasa mmoja mmoja. Ukurasa wa tisa kuna mstari mmoja: weka sifuri mahali utakapozamia, siyo kwingine.

Sasa elewa hapa taratibu, maana ndiyo kiini cha stori yote.

Sensa ya kina haipimi mita. Inapima presha. Inapokea uzito wa maji pamoja na uzito wa hewa iliyo juu ya maji, halafu inatoa ule wa hewa, inabaki na wa maji, na huo ndio inaugeuza kuwa mita. Ikitoa hewa isiyo sahihi, mita zinakosea.

Na hewa haina uzito sawa kila mahali. Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko kama mita 770. Ukitoka huku kwenda Kigoma unashuka zaidi ya mita 400 bila kujisikia, maana ni safari ndefu na treni haikuambii. Kwa makadirio, kila ukishuka mita 100, hewa inaongeza uzito kama wa sentimita 10 za maji. Mita 400 na kitu ni sawa na karibu nusu mita ya maji.

Nusu mita! Ndiyo ileile aliyoiona mezani.

Kumbe mteja alikuwa anasema kweli tangu siku ya kwanza. Saa iliwekwa sifuri ya Tabora, ikifika Kigoma inaona hewa nzito, inadhani ni maji. Ikirudi Tabora inasoma 0.0 na mimi narekodi video za kumsuta mwenzangu. Zipo saa zinazojipima hewa zenyewe kabla ya kuzama. Hii yangu ilikuwa inasubiri binadamu, na binadamu mwenyewe alikuwa mimi.

Nikakumbuka ziara ya shule Kwihara, kwenye tembe alilokaa Livingstone. Huko ndiko tulikoambiwa wazungu walivyopita hapa kwetu, wakati huo wakipaita Kazeh, kuelekea Ujiji. Burton na Speke walifika Ziwa Tanganyika mwaka 1858 wakitaka kujua liko juu kiasi gani. Njia yao ilikuwa kuchemsha maji na kusoma joto, kwa sababu ukiwa juu hewa ni nyepesi na maji huchemka mapema. Hapa Tabora maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, siyo 100. Lakini vipimo vyao vilisumbuka njia nzima. Wakapata kama futi 1,850, wakati ziwa liko zaidi ya futi 2,500. Walikosea kwa karibu mita 200, na watu wakaja kubishana Ulaya kuhusu chanzo cha Mto Nile huku namba hizo zikiwa mezani.

Kwa hiyo mimi siyo wa kwanza kuchukua kipimo cha presha kutoka Tabora kwenda Ujiji na kikanidanganya. Miaka zaidi ya 160, barabara ileile, tatizo lilelile.

HESABU YA HASARA

Nataka uione kwa namba, maana wengi tunasema "nilipata hasara kidogo" bila kukaa na kalamu.

Saa ya kwanza: 130,000. Saa ya pili: 130,000. Mzigo kwenda na kurudi mara sita kwa 5,000: 30,000. Betri: 3,000. Mzee fundi: 5,000. Jumla 298,000.

Na ile 185,000 ya mteja nilimrudishia yote, kwa awamu mbili, 100,000 kisha 85,000, kwa sababu siku hiyo sikuwa nayo yote. Nilikuwa natafuta faida ya 50,000 baada ya nauli ya mzigo. Nikapata hasara ya 298,000. Kwa duka kama langu hiyo ni kodi ya fremu ya miezi mingi.

Kuna aliyeniambia, "Ungemblok tu." Hapana. Kwanza, sheria yetu ya mauzo ya bidhaa, Sura ya 214, haiko upande wa muuzaji wa namna hiyo: mteja akikujulisha kazi anayoitakia bidhaa na akategemea ujuzi wako, bidhaa inatakiwa iifae kazi hiyo. Pili, hata sheria isingekuwepo, mtu aliniuliza "inazama kweli?" na nikamjibu kwa uhakika nisiokuwa nao. Maisha yake yalikuwa kwenye jibu langu la dakika moja.

Nilimpigia nikamwomba msamaha kwa mdomo, siyo kwa meseji. Pamoja na ile stetasi. Akanyamaza kidogo, akasema, "Yameisha dada. Ila siku nyingine uliza kwanza mtu anafanya kazi gani." Kifaa chake cha kuzamia alinunua kwingine. Kwangu akaja kununua saa ya kawaida ya mwanawe anayeanza sekondari.

SOMO LENYEWE

Niliamini nina tatizo moja lililorudi mara tatu: "sensa mbovu". Kumbe yalikuwa matatizo matatu tofauti yaliyovaa nguo moja. La kwanza lilikuwa kimo, la pili uchafu, la tatu mpira. Kila mara nilitibu dalili nikatuma. Bidhaa ikirudi mara ya pili, acha kuitengeneza, anza kuuliza.

Haya ndiyo ninayofanya sasa. Chukua yanayokufaa.

1. Daftari la marejesho. Safu nne tu: tatizo linatokea WAPI, linatokea LINI, bidhaa ilifanyiwa NINI kabla, na KWANGU inaonyesha nini. Ningekuwa na daftari hili, mstari wa kwanza ungesema "Kigoma mbovu, Tabora nzima", na huo ulikuwa jibu tayari. Hata kama unauza pasi au redio, inayoungua Urambo na kupona Tabora inakuambia kuhusu umeme wa Urambo.

2. Uliza kazi kabla ya bei. Mteja wa saa ya maji namuuliza: Unanawa nayo, unaogelea, au unazama na mtungi? Maji ya chumvi au baridi? Unazamia wapi? Unashika mafuta au grisi? Akisema anazama na mtungi, namwambia wazi atafute kifaa cha wazamiaji kwa muuzaji anayekijua, na kamba yake asiiache.

3. Usidanganywe na mita za mgongoni. "3 ATM" au "mita 30" haimaanishi uzame mita 30. Ni kipimo cha maabara, saa ikiwa imetulia. Ya 3 ATM ni ya mvua na kunawa. Ya 5 ATM ni ya kuogelea kawaida. Kwa kuzamia tafuta iliyopimwa kwa kiwango cha ISO 6425, ambacho ni cha saa za wazamiaji na kinaanzia mita 100. Kwa vifaa vinavyosoma kina, kuna kiwango cha EN 13319. Na kumbuka kuchapa herufi ni rahisi, kwa hiyo muulize aliyekuuzia karatasi zake.

4. Kuingia maji na kusoma kina ni vitu viwili. Saa inaweza isiingie tone na bado ikadanganya kina. Yangu ya kwanza ilikuwa kavu kabisa ndani.

5. Sifuri iwekwe kwenye maji yenyewe. Kama saa inahitaji kuwekwa sifuri au kimo kwa mkono, mteja afanye mwenyewe ufukweni, saa ikiwa kavu, kabla hajaingia. Namwandikia kwenye karatasi kwa Kiswahili na kuibandika ndani ya boksi. Na kama ina chaguo la maji ya chumvi au baridi, aweke baridi akiwa ziwani. Ukiacha chumvi, inasoma pungufu kama asilimia 3. Kwa mita 18 ni nusu mita nyingine.

6. Usafi wa vitundu vya sensa. Maji safi ya vuguvugu, matone mawili ya sabuni ya vyombo, loweka nusu saa, suuza vizuri, kausha kivulini. Mswaki laini pita juu, usichokoe. Usitumie pini, kompresa ya gereji, petroli wala draya ya nywele. Mteja wa ziwani au baharini aisuuze kwa maji safi kila anapotoka.

7. Ikifunguliwa, mpira mpya. Kubadilisha betri ya saa ya maji ni betri, oringi mpya na kupima presha. Fundi asiye na kifaa cha kupima presha, saa hiyo muuzie mteja kama saa ya nchi kavu na umwambie hivyo.

8. Jaribu kabla hujatuma. Mimi sasa nina kamba ya mafundo. Jirani ana kisima chenye maji ya mita tatu na kitu. Nasafisha saa, naifunga na jiwe safi, naishusha fundo kwa fundo huku inarekodi, naiacha dakika tatu, napandisha, nasoma rekodi. Ikisema mita 3 kwenye fundo la tatu na kurudi 0.0 juu, nina uhakika na kitu kimoja, siyo matumaini.

9. Usimseme mteja stetasi. Hata kama unaamini amekosea. Huenda yeye ndiye anayekisoma kipimo sahihi.

Ile saa ya tatu ninayo bado. Naiuza 120,000, chini ya niliyonunulia, na tangazo lake linasema hivi: "Saa nzuri ya kuogelea na kutembelea. Ina kipimo cha kina cha kujifurahisha. USIITUMIE kuzama na mtungi." Wiki mbili imekaa, watu wanauliza na kuondoka. Sawa tu, itapata mtu wake.

Na ile niliyoichoma pini iko juu ya meza ya kaunta, karibu na simu. Mteja akiuliza "Dada, hii inafaa?" naiangalia kwanza, halafu namuuliza: "Unaitaka kwa kazi gani kaka?"

Haya, zamu yako. Una bidhaa gani inayorudi-rudi? Andika hapo chini inarudi kutoka wapi na inafanyaje, tusaidiane kuitafuta sababu. Na kama unamjua mwenzako anayekaribia kushika pini, mtumie hii kabla hajachelewa.